Alama ya mashine na sahihi ya afisa mikopo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni afisa mikopo katika chama cha akiba na mikopo mkoani Mtwara, na wanachama wetu wengi ni wakulima wa korosho. Tangu mwaka jana tunatumia programu ya akili mnemba inayosoma miamala ya simu na kumbukumbu za marejesho, kisha humpa kila mwombaji alama. Anayepitisha ombi lenye alama ya chini hudaiwa maelezo ya maandishi, ilhali anayelikataa haulizwi kitu, na siku hizi najikuta nasaini tu. Je, kazi yangu imebaki kupiga muhuri?

JIBU: Ndugu yangu, jibu umeliweka ndani ya swali lenyewe. Utaratibu unaomsumbua anayepingana na mashine na kumwacha huru anayekubaliana nayo hauna budi kuzaa watu wa kusaini, na kosa hilo ni la uongozi kabla halijawa lako.

Programu ya namna hii hujifunza kutokana na mikopo iliyokwisha kutolewa: nani alilipa, nani alichelewa. Waliokataliwa haiwajui, kwa kuwa hakuna aliyepata kuona kama wangelipa. Hivyo, ikiwa kamati zenu za zamani ziliwanyima wanawake wasio na shamba kwa jina lao, mashine itaendelea kuwanyima, safari hii kwa sura ya hesabu. Tena fikiria mkulima anayeomba mwezi Juni ili awalipe vibarua wa kupalilia na kupulizia salfa. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo simu yake iko kimya. Mashine isiyofundishwa msimu wa korosho itauona ukimya huo kuwa ufukara, nawe unajua ni Juni tu.

Hata hivyo usijitangazie ushindi mapema, maana mashine haina shemeji, na sisi tunao. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard na MIT walipima programu ya kutambua saratani ya matiti iliyosambaa kwenye tezi za limfu. Kwa kipimo chao, makosa ya mashine yalikuwa asilimia 7.5 na ya daktari bingwa asilimia 3.4, lakini hukumu zao zilipounganishwa yalishuka hadi asilimia 0.5. Mashine ilishindwa na daktari, na bado ilimfaa, kwa sababu wawili hao hawakuteleza mahali pamoja.

Faida hiyo hupotea pale anayehukumu anapoanza kwa kutazama alama. Kwa hiyo andika maoni yako kabla hujaifungua, kisha uiombe kamati ya mikopo idai maelezo kwa kila uamuzi, wa kukubali na wa kukataa. Una hoja ya kisheria pia: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kutaka asiamuliwe na mitambo peke yake, na sahihi inayowekwa bila kusoma sioni kama inaitimiza haki hiyo.

Baada ya msimu wa mauzo, chukueni maombi yote ambayo wewe na mashine mlihitilafiana na bado mkopo ukatolewa, mwangalie nani amerejesha. Na mtenge fungu dogo la mikopo kwa wenye alama za chini mnaowaamini, kwani bila hao programu haitapata kamwe mfano wa kuisahihisha.