Huna mizani jikoni? Tumia maji

Kabla hujapima unga, pima kikombe. Vikombe vya chai vya nyumbani havilingani: kimoja kinaingiza mililita 180, kingine 300. Ndiyo maana maandazi ya "vikombe vinne" yanatoka laini kwako na magumu kwa jirani.

Nunua chupa ya maji ya mililita 500, usiifungue mpaka ufike jikoni. Maji yaliyomo ndiyo kipimo chako. (Chupa tupu ukiijaza tena mpaka mdomoni, inazidi.) Kikombe kinachojazwa mara mbili kamili na maji hayo ni cha mililita 250; kiweke kando, kisitumike tena kunywea chai.

Kikombe hicho kikifutwa juu kwa mgongo wa kisu, sukari ni karibu gramu 210, mchele 200, mafuta ya alizeti 230. Unga wa ngano ni kama 130, lakini ndio msumbufu kuliko vyote. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kwenye mfuko, unashindilia, na gramu 150 zinafika bila wewe kujua. Kwa vikombe vinne umeongeza unga wa zaidi ya nusu kikombe, halafu unailaumu hamira. Uchekeche kwanza, ujaze kikombe kwa kijiko, usikigonge mezani.

Unga wa uwele, wa mtama au karanga zilizotwangwa usizikaririe namba, kwa sababu kila mashine inasaga kivyake. Hapo acha kitu kielee. Tafuta kopo pana la plastiki, jepesi, lenye kuta zilizonyooka. Litie maji mililita 250, yaani gramu 250, kisha lielee kwenye beseni la maji. Piga alama kwa nje pale maji ya beseni yalipofika. Mwaga maji ya kopo, likaushe, lirudishe kwenye beseni, tia unga taratibu mpaka kopo lizame hadi alama ileile: una gramu 250 za unga, uwe umeshindiliwa au la. Usambaze unga sawasawa, kopo likiinama alama inadanganya. Na usitegemee njia hii kwa vitu vidogo: kopo lenye upana wa sentimita 10 likikosewa milimita moja tu, tofauti ni kama gramu 8.

Siagi ya mkate haihitaji hata kopo la kuelea. Tia maji baridi mililita 300 kwenye jagi lenye alama, dondosha vipande vya siagi mpaka maji yafike 400. Hizo ni gramu 100, mradi vipande vinaelea huru. Usivikandamize chini wala visigande ukutani mwa jagi. Chuja, kausha, tumia.

Kwa hamira, chumvi na baking powder, vijiko vya chai vya kabatini navyo vinatofautiana. Chukua kile kijiko cha plastiki kinachokuja na dawa ya maji ya watoto, kilichoandikwa 5 ml, ukioshe vizuri. Kikifutwa juu, hamira kavu ni kama gramu 3, baking powder 4, chumvi ya mezani 6. Cha lumbesa kinaweza kufika karibu mara mbili, na kwenye chumvi utakijua mezani.