Wadogo zangu wa bweni, acheni kuandikiana karatasi

Muhula haujafika katikati, na tayari mlango wa friji ya jiko la pamoja umebandikwa karatasi zisizo na jina la mwandishi. Moja inamwonya "mtu fulani anayejijua" aache kugusa vyakula visivyo vyake. Nyingine inamjibu kwa herufi kubwa, na ya tatu inawauliza waandishi wa zile mbili za kwanza kama kwao walifundishwa adabu. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nawapenda, na jengo hili lilikuwa limepooza kabla hamjaingia na masanduku yenu. Hata hivyo, kila mwaka ninawaona wageni wakijikwaa kwenye kisiki kilekile, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi, mtu anaweza kugombana na jirani yake asubuhi na asimwone tena hadi wiki ijayo. Katika chuo kidogo utamkuta bafuni, utasimama nyuma yake kwenye foleni ya chakula, kisha mchana mtapangwa kundi moja la maabara na kutakiwa kugawana darubini. Hapa kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake, kwa hiyo karatasi isiyo na jina ni kazi bure. Waandishi wa zile tatu nimewatambua bila kumuuliza mtu.

1. Fomu ya hali ya chumba ijazwe siku unapopokea ufunguo, kabla hujafungua begi. Andika kila ufa, kila doa la godoro, kila bawaba iliyolegea, piga picha, kisha mtumie mlezi wa bweni siku hiyohiyo ili tarehe ijisemee yenyewe. Msifikiri kwamba udogo wa chuo utawatetea, eti kwa sababu kila mtu anajua kioo kilivunjika lini. Jirani yetu mmoja alitia saini fomu akiwa bado ameshika mto wake kwapani, na mwisho wa mwaka akakatwa amana kwa ajili ya kioo ambacho wanafunzi wa miaka ya juu walikuwa wakikikumbuka kikiwa na ufa tangu walipoingia wao. Walimwonea huruma wote, wakamsindikiza hadi ofisini, wakatoa ushahidi, na bado alilipa, kwa kuwa ofisi husoma fomu na kumbukumbu za watu haiwezi kuzihifadhi kwenye faili.

2. Karatasi ya makubaliano ya chumba, ile mnayopewa mwanzoni pamoja na mwenzako na kuijaza "sawa" kutoka juu hadi chini, ina maswali ya maana kuliko mnavyodhani. Taa inazimwa saa ngapi? Wageni wanaondoka saa ngapi? Nani anakubaliana na dirisha wazi? Kengele ya simu inaruhusiwa kulia mara ngapi kabla mwenyewe hajaamka? Ninajua kwamba siku ya kwanza kila mtu anataka kuonekana mwepesi wa kuishi naye, na kwamba kuulizana mambo hayo kunafanana na kutafuta ugomvi kabla haujazaliwa. Mimi pia niliandika "sawa" kila mahali, na matokeo yake ndiyo yanayonipeleka kwenye jambo la tatu, ambalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu sijalisikia likisimuliwa na aliyekosea, bali na waliocheka tu.

3. Mwenzangu wa chumba alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Simu yake ilitetema juu ya meza ya mbao, taa ndogo ikawaka, kisha ukaanza mnong'ono wa kanuni za hesabu, pole pole, kwa sauti ambayo yeye aliamini kuwa haisikiki. Mimi nina usingizi mwepesi. Nililala nikiwa nimegeukia ukuta, nikihesabu makosa yake moja baada ya jingine, na kulipokucha akiniuliza kama nimelala salama nilimjibu kwamba nimelala vizuri kabisa. Kwa muda mrefu hakuna neno lolote la malalamiko nililomwambia yeye, lakini niliwaambia watu wengine wote. Nilimwambia mlezi wa bweni kwa sauti ya mtu anayeteseka kimyakimya. Mbaya zaidi, mezani wakati wa chakula cha jioni niligundua kwamba nikiuigiza ule mnong'ono watu wanacheka, na kuanzia hapo nikawa na onyesho langu: macho nusu wazi, kidole hewani, kanuni zikimwagika kwa pumzi. Kila jioni liliongezeka madoido, na kila jioni niliombwa nirudie.

Mnajua bafu zetu zilivyo: vyumba vya kuogea vimetenganishwa kwa mbao zisizofika juu. Siku moja mwenzangu alikuwa ndani anaoga, na huko kwenye masinki kijana wa ghorofa nyingine, ambaye hajawahi hata kukanyaga chumbani kwetu, akamwigizia mwenziwe ule mnong'ono. Mwenzangu alisikia pumzi zake mwenyewe zikitoka katika kinywa cha mtu asiyemfahamu. Hakuhitaji mpelelezi. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa amelala karibu naye kiasi cha kuzijua.

Aliingia chumbani usiku ule akakuta wageni wangu wamekaa kitandani kwake, kama walivyokuwa wakikaa kila usiku. Alisimama na taulo lake begani akisubiri wainuke, na walipoinuka na kuondoka aliniuliza swali moja bila kupandisha sauti: "Unadhani kwa nini ninaamka saa kumi?" Nilifungua kinywa, nikakosa la kusema, kwa sababu jibu lilikuwa limetoka mlangoni dakika hiyohiyo likiwa na viatu vyake mkononi. Tangu chakula cha jioni hadi saa sita usiku chumba chetu kilikuwa baraza langu. Hakuwa na mahali pa kusomea mpaka mimi nimelala, na mimi nilipolala yeye alikuwa amechoka, basi akajifunza kulala katikati ya vicheko vyetu na kuamka wakati dunia imetulia.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba alikuwa ameniambia. Katika siku zetu za mwanzo aliwahi kuniuliza wageni wangu huondoka saa ngapi, na mimi nikacheka na kumkaribisha akae nasi, nikidhani ananiulizia habari za marafiki zangu. Lilikuwa lalamiko kamili, limevikwa adabu ya mtu aliyelelewa kutomwaibisha mwenzake, na mimi nililipokea kama mazungumzo ya kupitisha wakati. Mngekuwa mahali pake wengine wenu mngebandika karatasi kwenye mlango. Yeye aliuliza swali la heshima, akalipwa mzaha wa chuo kizima.

Aliomba kuhamishwa. Mlezi wa bweni alituita wote wawili, akatusikiliza, kisha akatuambia, "Wanangu, ningewatenganisha leo, lakini sina kitanda kilicho wazi." Hilo ndilo jambo ambalo wageni wa vyuo vidogo hamlielewi: fomu ya kuhama ipo na unaweza kuijaza vizuri sana, ila chumba cha kuhamia hakipo. Tukaendelea kuishi. Yeye alihamishia masomo yake kwenye chumba cha kufulia, pale penye taa inayowaka usiku kucha, na kila aliyeshuka na kapu la nguo alimkuta amekaa karibu na mashine na daftari lake, akajua kwa nini yuko pale na ni nani aliyemfukuza. Kwenye maabara tulikuwa jozi moja hadi mwisho wa mwaka, tukiandika ripoti zetu kwa adabu kavu ya mawakili wa pande mbili. Niliwahamishia wageni wangu kwenye ukumbi wa pamoja, jambo ambalo lingechukua sentensi mbili kulipanga tangu mwanzo, na nikamwomba radhi. Alisema "yameisha", na katika mambo ya kila siku yaliisha kweli. Hata hivyo, hakukaa tena mezani ninapokaa mimi.

Basi jambo linalokukera limwambie mhusika mwenyewe, mapema lingali dogo, mkiwa wawili na wote mmeshiba na kuamka vizuri, ukitaja kitendo na saa yake bila kugusa tabia wala malezi ya mtu. "Taa ya saa kumi inaniamsha" ni sentensi inayoweza kujibiwa. "Wewe huna ustaarabu" haina jibu isipokuwa vita. Na mwenzako akikuuliza swali la kawaida mno kuhusu ratiba yako, jiulize kwa nini ameliuliza.

4. Nunua vizibo vya masikio na viatu vya kuogea kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa saa za utulivu zimo kwenye kanuni na fangasi wamo kwenye sakafu.

5. Kunguni. Ninajua mmekunja uso. Kikulacho ki nguoni mwako, na bwenini methali hii haina fumbo hata kidogo. Wanasafiri kwenye mishono ya masanduku na magodoro, hawaulizi kama mwenye chumba ni msafi, na aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu, kwa hiyo likizo haiwamalizi. Aibu ndiyo inayowazalisha. Mwanafunzi anaumwa usiku, ananunua dawa ya kupuliza kwa siri, anapulizia kitanda chake peke yake, na baadhi yao wanaikimbia dawa kupitia nyufa za ukuta hadi kwa jirani, ambaye naye anaona haya na kununua kopo lake. Wakati uongozi unapata habari, korido nzima inajikuna. Toa taarifa asubuhi unapoona vidoa vyeusi kwenye kingo za godoro, fua mashuka kwa maji ya nyuzi joto 60, na kubali chumba kipuliziwe zaidi ya mara moja, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Anayewacheka leo huwa ndiye wa korido inayofuata.

6. Ekstensheni isomwe kabla ya kuchomekwa. Kama imeandikwa ampea 10, kwenye umeme wa volti 230 inabeba wati 2,300, na birika la umeme peke yake mara nyingi hula 2,000 au zaidi. Ukiongeza pasi juu yake unaziunguza nyaya usizoziona, na kuchomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni nyingine hakuongezi umeme hata chembe. Kitambua moshi kisivikwe soksi, hata kama kimewaamsha mara ngapi kwa sababu ya mtu aliyeunguza chakula usiku wa manane, na ile milango mizito ya korido inayojifunga yenyewe isizuiwe kwa kiti. Imewekwa ili kuzuia moshi, na katika moto wa majengo moshi huua wengi kuliko miali. King'ora kikilia, toka. Kila mwaka yupo anayebaki kitandani akiamini ni majaribio, na kila mwaka anataka tumsifu kwa utulivu wake.

7. Nimewaambia mseme na mhusika kwanza, lakini yapo mambo ambayo mlezi wa bweni anapaswa kuyajua saa hiyohiyo. Mwenzako ambaye hajatoka chumbani na hali chakula, anayesema kwamba hataki tena kuishi, aliyepigwa au anayetishwa, au uliyemkuta haamki baada ya kunywa: usikae naye peke yako ukijaribu kuwa daktari, na usikubali kuapishwa kwamba utanyamaza. Watu wa vyuo vidogo wanaogopa kusema kwa sababu habari huenea haraka, na hofu hiyo ina msingi, mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wa waenezaji. Lakini mlezi si meza ya chakula. Nenda ofisini kwake, funga mlango, taja jina na chumba, kisha rudi ukakae na mwenzako hadi msaada ufike. Atakukasirikia. Mvumilie.

8. Zamu ya usafi haibadilishwi kwa ujumbe wa saa tano usiku kwenye kikundi cha bweni. Mtafute mtu, mkubaliane, andikeni kwenye ratiba.

9. Rafu yako ya friji isafishwe kabla ya likizo, na hapa ninarudi kwa waandishi wetu wa karatasi, kwa kuwa ninyi ndio mnaobandika majina kwenye vyombo vyenu kwa kalamu isiyofutika. Jina ni zuri muhula unapoendelea. Likizo inapoanza, umeme wa jikoni huweza kuzimwa, na atakayekifungua chombo chako baada ya wiki kadhaa hatahitaji kuuliza ni cha nani.