Mkuu, usifungue Usiku wa Giza ukiwa peke yako

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi anasema sala zake zimekauka kwa muda mrefu, halali vizuri, watu wanamchosha, ameacha kwaya. Kwa hiyo anataka kuanza kumsoma Mtakatifu Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, tena moja kwa moja Usiku wa Giza, kitabu chake juu ya kipindi ambacho Mungu humsafisha mtu kwa kukausha sala zake, kwa sababu "nadhani ndipo nilipofika". Anauliza tafsiri ipi ni nzuri, asome alfajiri au usiku, akimaliza awafuate waandishi wengine wa sala za ndani, yaani Teresa wa Avila, mtawa mwenzake Yohane, au asome kitabu cha Wingu la Kutojua au Eckhart, mhubiri Mjerumani, na kama asiye Mkatoliki anaruhusiwa.

Usianze.

Sikatazi kusoma. Nasema hivi: usikifungue hicho kitabu mpaka awepo mtu mmoja, aliye hai, anayekufahamu, mwenye uwezo wa kukuambia "hapana, siyo hivyo" na wewe ukanyamaza. Kabla ya kitabu, mtu. Kanuni ninayo hiyo moja tu, na mtanisamehe nikiirudia, maana gharama yake nililipa mimi na nyumba yangu.

Mimi nilianzia hapohapo unapotaka kuanzia. Sala imekauka, usingizi umekata, hata vitu nilivyokuwa navipenda havina ladha. Nikamweleza kiongozi wa kundi la sala nililokuwamo, bwana mmoja mwenye sauti ya taratibu na ndevu za kinabii, kwamba siku hizi nikipiga magoti naona naongea na ukuta. Hakuuliza nalala saa ngapi. Hakuuliza nyumbani kukoje. Alifumba macho, akavuta pumzi, akaniambia nimeingia kwenye usiku, na kwamba wengi wanazeeka kanisani bila kuufikia. Kisha akanikabidhi kitabu. Sasa wewe mwambie mtu aliyechoka kwamba uchovu wake ni cheo, uone kama hatavimba kichwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwaonea huruma abiria wenzangu kwa jinsi roho zao zilivyokuwa bado changa.

Nakala ile ninayo mpaka leo. Ukurasa ulioniponza uko katika kitabu cha kwanza, sura ya 9. Hapo Yohane anatoa dalili tatu za kumtambua mtu ambaye ukavu wake kweli ni kazi ya Mungu. Ya kwanza, haoni ladha katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote kilichoumbwa. Ya pili, pamoja na ukavu huo mawazo yake yako kwa Mungu muda wote, kwa wasiwasi na uchungu, akidhani hamtumikii na kwamba anarudi nyuma. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kwa kujenga picha akilini kama alivyozoea, hata ajitahidi vipi. Dalili ya kwanza niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ya tatu nikaipigia mistari miwili na alama ya mshangao pembeni. Ya pili haina hata nukta, ukurasa mweupe kabisa. Sikuipigia mstari kwa sababu sikuwa nayo. Sikuwa na uchungu wowote wa kumkosa Mungu. Sikuwa na uchungu wa kitu chochote, nilitaka tu watu wanyamaze nijilaze.

Na linaloniuma kuliko yote limeandikwa palepale kati ya dalili ya kwanza na ya pili. Yohane mwenyewe, mtu wa karne ya 16, anasema wazi kwamba kukosa ladha ya kila kitu kunaweza kutokana na hitilafu ya mwili, au na ile huzuni nzito ambayo matabibu wa zama zake waliihesabu kuwa ugonjwa. Ndiyo maana dalili ya kwanza haitoshi bila ya pili. Na katika kazi yake nyingine, Kupanda Mlima Karmeli, kitabu cha pili, sura ya 13, anapotoa tena dalili tatu, anataka mtu azione zote kwa pamoja ndipo athubutu kuacha kutafakari. Yaani mtakatifu aliniandikia mimi onyo karne nne kabla, kwa lugha nyepesi, nikageuza ukurasa nikidhani anaongea na wagonjwa.

Yule bwana aliyenipa kitabu alipaswa kuijua sura hiyo. Baadaye nilikuja kugundua alikuwa amesoma dibaji na lile shairi ambalo kitabu kinalifafanua, basi. Kwa mtaji huo alikuwa anaendesha mafungo! Aliniambia niache sala za maneno, kwamba zaburi ni za wanaoanza. Aliniambia nifunge zaidi ili mwili usipige kelele. Na akaniambia nisimweleze mtu mwingine, maana hawataelewa. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kunimaliza. Ukisikia kiongozi wa kiroho anakwambia "usimweleze mwingine", kusanya viatu vyako uondoke, usisubiri hata sala ya kufunga.

Nikafunga. Nikaacha vijana niliokuwa nawafundisha kanisani, nikiita ni kujitenga na viumbe. Jioni nilikaa kimya na mke wangu nikidhani ni ukimya mtakatifu, kumbe mwenzangu alidhani nina mwanamke nje. Siku aliyochoka aliniambia, "Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na pango la mtawa." Nilimtazama kwa upole wa kishahidi, nikarudi kwenye kitabu changu. Hapo mnaweza kucheka, mimi mwenyewe nacheka sasa, ila wakati ule nyumba ilikuwa inabomoka na mimi nahesabu nyufa kama baraka.

Aliyenitoa ni daktari, baada ya kuanguka kazini. Damu ilikuwa imepungua kwa kutokula, na chini ya hayo yote ilikuwepo sonona ya muda mrefu, ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Daktari yule, sidhani kama aliwahi kumsikia Yohane wa Msalaba, lakini kwa dakika chache aliniuliza yote ambayo mwalimu wangu wa roho hakuniuliza: usingizi, chakula, nguvu za mwili, kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Nilijibu ndiyo kwenye swali hilo la mwisho, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Mleta uzi, kama nawe jibu lako ni ndiyo, funga simu hii sasa hivi umwendee daktari au mtu wa nyumbani, mengine utayasoma siku nyingine.

Sasa atatokea mtu hapa aseme nawashusha watakatifu niwaweke hospitali. Msome Teresa wa Avila. Katika Ngome ya Ndani, aliyoiandika 1577, akiwa kwenye makao ya nne kati ya yale saba, yaani hatua za sala anazozifananisha na vyumba vya ngome, anawaeleza masista wake habari za watu wenye afya dhaifu ambao kwa kufunga, kukesha na kusali sana wanalegea mwili, kisha wanadhani wamenyakuliwa rohoni. Anamtaja mmoja aliyekaa katika hali hiyo kwa muda wa saa nane, hakupoteza fahamu wala hakuhisi chochote cha Mungu. Dawa yake ilikuwa nini? Alilazwa, akalishwa, akapunguziwa malipizi, na mambo yakaisha. Teresa anataka mkuu wa nyumba awapunguzie watu wa namna hiyo sala na kuwaongezea usingizi na chakula. Huyu ni mwalimu wa Kanisa anayeheshimiwa kuliko karibu wote kwa habari za sala, na maagizo yake ni uji na shuka. Mimi niliruka sura hiyo ili niwahi makao ya saba.

Mwandishi wa Wingu la Kutojua naye, Mwingereza wa karne ya 14 asiyejulikana jina, anaanza kitabu kwa kukataza kisisomwe. Kweli, dibaji nzima ni marufuku. Hataki kiwafikie wambea, wakosoaji wala wadadisi, hata wawe wasomi, na anayekishika anamtaka akisome chote, asidokoe kipande hapa na kipande pale. Kisha katikati ya kitabu anawaeleza vijana waliosikia "ingia ndani" na "inua moyo juu", wakaanza kukaza vifua na kukodoa macho mpaka wanaumia. Anawaeleza kwa kejeli ambayo ingefungiwa humu jukwaani kwa matusi.

Tazama vitabu hivi viliandikiwa nani. Wingu limeandikwa kwa kijana mmoja ambaye mwandishi anamwelekeza. Ngome ni kwa masista ambao Teresa alikuwa akiwafahamu kwa sura na kwa vituko. Yohane katika dibaji ya Kupanda Mlima Karmeli anasema wazi kwamba hasa anawaandikia baadhi ya ndugu na masista wa shirika lake. Wasomaji wote hao walikuwa na mtu. Walikuwa na mkuu wa nyumba, muungamishi, na wenzao mezani wanaoona nani hali na nani anajifanya. Kitabu kilikuja juu ya hayo. Sisi tunakipakua saa sita usiku tukiwa peke yetu kitandani, kisha tunajipangia makao ya ngapi tupo.

Na msije na ile ya "lakini Yohane aliteseka gerezani, mateso ndiyo shule". Ni kweli, watawa wenzake walimfungia Toledo, mji wa Hispania, tangu Desemba 1577 mpaka Agosti 1578, kwenye kijichumba cha giza. Ila alipopata upenyo alitoroka kwa kushuka dirishani na vipande vya nguo alivyoviunga. Hakubaki mle akisema ni usiku wa roho.

Wengine watasema Roho Mtakatifu anatosha, mtu wa nini. Hilo nalo Yohane kalijibu, sura ya 22 ya kitabu kilekile cha pili cha Kupanda Mlima Karmeli. Anasema Mungu hapendi mtu ayaamini peke yake hata yale anayoonyeshwa na Mungu, na anamtoa Paulo kama mfano: alikuwa na Injili aliyoipokea kwa ufunuo, bado akapanda Yerusalemu kuwaeleza waliomtangulia asije akawa anapiga mbio bure. Paulo huyo. Wewe na mimi ni akina nani? Bernardo wa Clairvaux, abati wa karne ya 12, aliandika maneno makali zaidi kwamba anayejifanya mwalimu wa nafsi yake amekuwa mwanafunzi wa mpumbavu. Nilipoisoma hiyo nilicheka, halafu nikanyamaza.

Ila mtu yeyote tu hafai, mfano ni yule wangu wa ndevu. Teresa katika kitabu cha maisha yake analalamika kwamba waungamishi wenye nusu elimu walimdhuru roho sana, na kwamba wenye elimu ya kweli hawakumpotosha. Awe padri, mchungaji, sista mzee, mama wa kanisani asiye na cheo, sijali. Mtazame anauliza nini. Akikuuliza unavyolala, unavyoishi na watu wa nyumbani, deni unalodaiwa, kosa unalolificha, kaa naye. Akikupa hatua uliyofikia kabla hujamaliza kueleza, huyo anakuza jina lake kwa kukutumia wewe. Wa kwangu sasa ni sista mstaafu aliyefundisha wanovisi, yaani wanaoanza utawa. Siku ya kwanza nilimpelekea nakala yangu ya mistari myekundu. Aliipekua, akaiweka chini, akauliza, "Mke wako anaitwa nani?" Tulizungumza habari za mke wangu saa nzima. Usiku wa Giza haukuguswa mwezi ule wala uliofuata.

Hii haimaanishi ukavu wote ni ugonjwa. Yohane mwenyewe anakubali kwamba mara nyingine huzuni ya mwili na kazi ya Mungu vinakaa ndani ya mtu mmoja, na hapo ndipo macho ya mtu wa pili yanapohitajika zaidi, maana aliye ndani ya giza hana namna ya kuvitenganisha. Utatibiwa na utasali, kimoja hakizuii kingine. Dawa zangu nilimeza na zaburi nikarudia, hizohizo za wanaoanza, kwa sauti, nikiwa na usingizi.

Kama mkono unawasha na lazima usome kitu wakati unamtafuta huyo mtu, chukua Ndugu Laurenti wa Ufufuko, yule mtawa Mfaransa wa jikoni aliyefariki 1691. Ni kitabu chembamba, barua na mazungumzo, na hakina ngazi za kujipimia. Eckhart muache kabisa kwa sasa. Mwaka 1329 Papa alitoa hati ya kuzikosoa sentensi zake 28, na waliokuwa wakizibishania walikuwa wanateolojia waliosomea kazi hiyo, siyo watu waliokosa usingizi kama wewe.

Kwanza nenda kapime damu na umwambie daktari hayo ya usingizi na ya watu kukuchosha, uyaseme kama ulivyoyaandika hapa. Kisha rudi kwaya, hata kama unaimba kama gogo. Mwalimu wa kwaya anaweza akawa ndiye mtu mwenyewe, au akamjua. Ukikosa kabisa, nitumie ujumbe uniambie uko dhehebu gani, nitakueleza mtu wa namna gani wa kumtafuta na umwendeeje. Hicho kitabu mpe mkeo akufichie.