Jibu: "Borrow me your pen" ina kosa gani?

Habari ndugu. Umeandika "borrow me your pen", mwalimu akakukata alama bila maelezo. Kosa hilo nimelifanya sana. Linatoka kwenye Kiswahili chetu: kuazima kunabeba pande zote mbili, "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwake". Kiingereza kimezigawa. Angalia kwanza kitu kinaelekea wapi. Mimi nilichora mishale kwenye jalada la daftari: kinamjia mtendaji wa kitenzi, "borrow", kinatoka kwake, "lend". Kwa hiyo sema "lend me your pen" (mtendaji ni unayemwomba, kalamu inatoka kwake), au "can I borrow your pen?" (mtendaji ni wewe, kalamu inakuja kwako). Mwenye kitu anatajwa kwa "from": "I borrowed it from Asha". Na wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended". Wamarekani husema pia "loan me". Kwenye mtihani baki na "lend".