Anti, nimempa namba sita, nifanyeje?

SWALI: Anti mambo, mi nafuga njiwa hapa Tanga. Kuna jamaa wa grupu letu la njiwa kanitumia meseji inboksi eti anauza jozi ya njiwa wa mkia tausi, wale wa mkia kama feni, bei chee, nimtumie nusu awapandishe basi, mara akasema kuna namba sita zimeingia kwenye simu yangu kimakosa nimrudishie. Hela sijatuma ila namba nilishampa na sasa WhatsApp imenitoa.

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Zile namba hazikukosea njia, ndo ufunguo wa WhatsApp yako, na anayekuandikia siyo jamaa yako, ni tapeli kamwibia akaunti hivohivo na sahivi anatumia jina lako kuwaomba wenzako hela. Kwa hiyo kwanza pigia watu wa grupu, piga usiandike, waambie wasitume kitu. Halafu ingia WhatsApp upya kwa laini yako, zitakuja namba sita mpya, ukiziweka tu yeye anatoka, ila kama aliweka pini yake utasubiri siku 7. Ukirudi weka pini yako mwenyewe. Namba ya kutumia hela aliyokupa itume kwa SMS kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Na mkia tausi ukiwataka tena, mwambie muuzaji akupigie video kashika njiwa mkononi, amfungue mkia uuone. Mwenye njiwa kweli hawezi kukataa, wafugaji tunavyopenda kuwaonyesha!