Upanga wako unapita hewani kwa sababu ya miguu, si kipanya

Ndugu yangu wa Mwanza, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema umenunua Mordhau, ile gemu ya kompyuta ya kupigana kwa panga na mikuki mtandaoni, umecheza wiki tatu, upanga wako unapita hewani, na wa mwenzako unakufikia wakati unamwona yuko mbali kabisa. Unauliza ununue kipanya kipya cha kompyuta au hao wenzako wanaiba kwa programu za hila. Kipanya kiache. Wezi wapo, lakini si wao wanaokuua kila dakika mbili. Hujui umesimama wapi, basi.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nimekulia kambi ya polisi pale Naguru, Kampala, ndiyo maana Kiswahili changu kina harufu ya gwaride, mtanivumilia. Watoto wengi wa kambi tulipitishwa kwenye ngumi, na afande mstaafu aliyetufundisha hakuturuhusu kurusha konde hata moja wiki mbili za kwanza. Alichora mistari ya chaki sakafuni, tukawa tunaingia na kutoka, tunaingia na kutoka, hadi tukamchukia. Siku aliponipa glavu nilirusha makonde kama kumi, karibu yote yakapiga hewa. Mwenzangu alirusha moja, nikakaa chini. Afande hakunihurumia, alisema tu: "Uko mbali kwa kupiga, uko karibu kwa kupigwa." Ni malalamiko yako hayohayo, kaka.

Ulingoni angalau nilikuwa na macho mawili yanayopima umbali na miguu ninayoihisi chini yangu. Kwenye gemu unazoziona kwa macho ya mhusika vyote viwili umenyang'anywa. Kioo ni bapa. Miguu huisikii, na mara nyingi huioni. Halafu ukipanua pembe ya kuona kwenye mipangilio ya gemu ili uwaone wanaokuja ubavuni, kila kilicho katikati ya kioo kinasinyaa na kuonekana kimesogea nyuma. Kwa hiyo yule unayemwona mbali hayuko mbali hivyo.

Najua utaniambia kwamba kwenye gemu za bunduki kisu chako hakikosi. Hakikosi kwa sababu unasaidiwa. Upanga wa nishati wa Halo 2, mwaka 2004, ulikuwa unamrusha mchezaji mzima hadi kwa adui. Modern Warfare 2 ya 2009 ilikuwa na uwezo ulioitwa Commando uliorefusha mruko wa kisu, na watu waliulalamikia sana. Gemu ya namna hiyo inakuchukulia hatua zako. Mordhau haikuchukulii hata moja.

Tena kuna namna mbili za gemu kuamua kwamba umegonga. Ya kwanza ni ya mkato: ukibonyeza kitufe, mashine inatazama mbele ya macho yako kwa wakati mmoja, akikutwa mtu ndani ya urefu fulani, amegongwa, na upanga unaouona ukipita ni pambo. Ya pili inaufuata upanga wenyewe, fremu kwa fremu, na panapokutana chuma na mwili ndipo pigo lilipo. Chivalry ya kwanza, ya 2012, ilikwenda kwa njia hii, na Mordhau ya 2019 ikaifuata. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosikika. Ukigeuza kiuno kuelekea upande upanga unakokwenda, ncha inafika mapema. Ukigeuka kinyume, inachelewa, na mwenzako aliyekwisha kukinga anashusha kinga yake ndipo chuma kinamfikia. Wewe ukifanyiwa hivyo unasema anaiba. Haibi, amekupiga chenga kwa kiuno. Bondia anafanya kitu kilekile anapovuta bega halafu anasubiri nusu pumzi.

Ndiyo maana afande alikuwa anasema usiangalie glavu, angalia kifua. Glavu inadanganya, kifua hakiwezi. Kwenye Mordhau tazama bega na kiuno cha adui. Ncha ya upanga wake isahau.

Sasa umbali. Hapa nitakupa kitu nilichokipata kwa mdogo wangu anayesoma uhandisi, tukiwa tunasubiri rolex, chapati yetu ya kukunjwa na mayai, kwa jamaa wa chapati, akanichorea kwenye karatasi yenye mafuta. Ukitazama mbele sawasawa, macho ya mhusika yakiwa mita 1.6 kutoka chini, na pembe yako ya kuona ni digrii 90 kwa upana kwenye kioo cha kawaida cha 16 kwa 9, ukingo wa chini wa kioo unakata ardhi kama mita 2.8 mbele yako. Maana yake nyayo za adui zikizama chini ya kioo, yuko ndani ya mita 2.8. Ukiweka digrii 100, ukingo unakata karibu mita 2.4. Macho ya mhusika wako huenda yakawa juu au chini kidogo, kwa hiyo usizikariri namba. Kariri picha: na silaha yako hii, nyayo zake zinakuwa wapi kwenye kioo pigo linapofika? Tangu siku ile sikisii tena umbali kwa ukubwa wa kichwa cha mtu, nasoma nyayo. Na ndiyo sababu nakuomba uchague pembe moja ubaki nayo. Anayebadilisha kila Jumamosi ni kama anayefuta mistari ya chaki na kuichora upya.

Mazoezi yenyewe yanachosha, nakuambia mapema. Cheza bila mtandao na roboti mmoja, yaani adui anayeendeshwa na kompyuta. Usimpige. Mwache arushe upanga, wewe rudi hatua moja, ncha ikupite kifuani, halafu ingia hatua moja. Kitufe cha kukinga usikiguse kabisa. Mimi nilikaa kwenye zoezi hilo jioni nne, na mbili kati yake umeme ulikatika katikati.

Ukishaweza kurudi na kuingia, utagundua pumzi inakutosha zaidi. Mordhau inakutoza pumzi kwa kila pigo la hewa, kwa kila chenga, kwa kila kinga, na ikiisha ukakinga, silaha inakutoka mkononi. Wazee wa kambi walikuwa hawachoki kutusimulia habari za bondia wetu wa Uganda John Mugabi, "The Beast", jinsi alivyokwenda Las Vegas Machi 1986 kukutana na bingwa wa dunia Marvin Hagler, Mugabi akiwa ameshinda mapambano 25, yote kwa kuwaangusha watu. Raundi ya 11 Hagler akamwangusha yeye. Kila mzee alikuwa na sababu yake, na wa jirani yetu alikuwa akilaumu chakula cha hoteli. Mimi nikitazama ile pambano naona mtu mwenye nguvu za kutisha aliyekutana na mtu asiyekubali kuisha. Kwenye seva nakutana na akina Mugabi wengi wadogo, wanafyeka bila kupumua. Narudi hatua, narudi hatua, namngoja.

Kuhusu mtandao sitakudanganya, unatuumiza. Uganda haina bahari, nyaya zetu nyingi zinapita Kenya hadi Mombasa ndipo ziingie majini, halafu safari ya Ulaya inaanza. Kwangu hapa seva za Ulaya zinanipa ucheleweshaji wa milisekunde 170 hadi 200. Unachokiona kwenye kioo ni jambo lililokwisha kutokea, na kinga yako nayo inasafiri kabla ya kuhesabiwa. Ndiyo maana kuna vifo ambavyo utakuwa umekinga, kwa macho yako umekinga, na umekufa. Hivyo vipokee. Dawa yangu ni silaha ndefu, mkuki hasa. Kwenye umbali mrefu kosa la sekunde moja ya tano linakunyima pigo tu. Kwenye umbali wa kisu linakuondoa. Nilihangaika na kisu miezi miwili kwa sababu ya kiburi, nikaachana nacho.

Uliuliza pia kama kuna gemu rahisi ya kujifunzia. Skyrim usiijaribu kwa jambo hili. Naipenda, lakini upanga wake ni kama kupiga mto. Kama kompyuta yako ni ya zamani tafuta Zeno Clash ya 2009, kazi ya vijana wa Chile. Ni ngumi kwa sehemu kubwa, inakufungia macho kwa adui mmoja, kwa hiyo unabaki na kazi ya miguu na wakati. Nyingine ni Condemned ya 2005, ambako mabomba na mbao unazookota zinatofautiana kwa kasi, uzito wa pigo, kinga na urefu. Utajifunza haraka kwamba bomba refu na rungu zito si ndugu. Dark Messiah ya 2006 ni ya kufurahi tu: teke moja na adui anaishia kwenye miba ya ukutani. Nimeimaliza mara tatu na haijanifundisha chochote.

Miwani ya uhalisia pepe niliijaribu mara moja, duka moja hapa mjini lilikuwa linaonyesha gemu ya ngumi. Umbali ulirudi wote, macho mawili yanapima kama ulingoni, nikajiona nimepona. Ila konde likifika kwenye taya ya yule mtu halikuti kitu, mkono unapita, nami nikafuata mkono wangu hatua mbili mbele hadi mwenye duka akanishika shati. Dakika tatu nilikuwa natweta.

Basi anza na yule roboti. Ukimkwepa mara kumi mfululizo kwa miguu tu, andika hapahapa pembe yako ya kuona ni ngapi na silaha gani unashika, nikuambie nyayo zitafutwe wapi. Jumamosi usiku huwa niko kwenye seva, umeme ukikubali. Nina mkuki na kofia nyekundu.