Oktani ya petroli: maswali yenu

Nikiijaza Vitz yangu petroli ya oktani 95 badala ya 91, itapata nguvu?

Hapana. Oktani haipimi nguvu ya petroli. Inapima petroli inavyostahimili mgandamizo na joto ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Vitz ya kawaida imeundwa kwa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini ni 89. Pesa hiyo kanunulie chujio la hewa.

Forester yangu ya turbo inalia kama kokoto kwenye kopo nikipanda mlima. Fundi anasema ni beringi.

Usifungue injini kwanza. Mlio wa beringi za konrodi ni mzito na mara nyingi husikika hata gari likiwa limesimama, ukipandisha mzunguko wa injini. Mlio wa petroli kujiwakia, ambao mafundi huuita kugonga, ni mwembamba. Huja ukikanyaga sana kwenye gia kubwa na hukoma ukiachia.

Angalia ndani ya mfuniko wa tanki. Kibandiko kikiwa na maandishi 無鉛プレミアム au ハイオク, gari linataka petroli ya daraja la juu, kwa Japani kuanzia 96. Ukiweka ya chini, sensa ya kugonga inachelewesha moto wa plagi: nguvu inapungua, ulaji wa mafuta unaongezeka. Turbo ikisukuma hewa nyingi, sensa inaweza kuzidiwa, na hapo pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi. Hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Kwa sasa shusha gia mapema na usikanyage zaidi ya nusu. Ukishajaza ya 95 au zaidi na mlio ukabaki, kagua maji ya rejeta, namba ya joto ya plagi, masizi juu ya pistoni na mpira wa hewa unaovuja.

Mbona gari haligongi Nairobi, likifika Mombasa linagonga?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo shinikizo ndani ya silinda ni dogo. Pwani hewa ni nzito na joto ni kali. Petroli iliyotosha juu huenda isitoshe chini.

Kitabu cha gari langu la Marekani kinasema 87. Kituoni sioni namba hiyo.

Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili vya oktani: RON, kinachopimwa injini ikifanya kazi nyepesi, na MON, kinachopimwa katika hali ngumu zaidi. Vituo vyetu hutumia RON peke yake. 87 yao ni karibu 91 au 92 yetu.

Naweza kuchanganya 91 na 95?

Ndiyo. Nusu kwa nusu unapata kama 93.

Gari limeanza kugonga mara tu baada ya kujaza mafuta.

Shuku uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wanaoyachanganya. Usiendelee kuliendesha kwa nguvu. Tunza risiti, toa sampuli kwenye chombo kisafi cha chuma au kioo, peleka malalamiko EWURA (mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji), kisha mwaga tanki lote na ubadilishe chujio la petroli. Plagi zikiwa na masizi meusi, zisafishe au ubadilishe.